Mfuniko wa Mparachichi

Jioni mfuniko ulikaa. Shafiq aliusukuma kwa kidole gumba, ukashuka taratibu mpaka ukagusa ukingo, naye akaenda kulala akiwa na furaha. Asubuhi aliuweka tena juu ya kisanduku kilekile, ukagoma. Upande mmoja ulijitokeza nje, upande wa pili ukaacha mwanya wa kupitisha kucha. Kilikuwa kisanduku cha tatu, na gogo lilikuwa limekwisha.

Kazi yake hasa ilikuwa ushonaji. Miaka yote ya Nyamirambo, kabla hajahamia Masaka Umutoni akiwa bado mdogo, watu walimjua kwa suti zisizorudishwa kurekebishwa. Alikuwa mtu wa kupima kwa jicho na kusema neno moja. Ndivyo alivyofanya mwaka jana Ismaël alipoleta posa, mwanamume aliyekwisha kuoa na kuachana. "Huyo hakukai," alimwambia binti yake mbele ya shangazi zake, kwa sauti ileile ya kumrudishia mteja kitambaa kibovu. Baadaye alimchunguza Ismaël, akaona hana ubaya, akakubali. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo Umutoni alimpa baba yake salamu zote anazostahili na chai ikiwa moto, na baada ya hapo hakumpa neno.

Nikahi ingefungwa Jumapili. Shafiq ndiye walii, mwenye kumwozesha, angeingia chumbani kumuuliza mwali kama ameridhia, na hakutaka kuingia hivihivi, kwani mkono mtupu haurambwi. Uani palikuwa na mparachichi ambao Umutoni utotoni alikuwa akiwauzia majirani matunda yake kupitia ua. Mti huo uliangushwa juzijuzi kupisha ukuta wa jirani mpya. Shafiq akalibeba gogo moja hadi karakana ya Nzeyimana, seremala wa barabara ya Kabuga, akaomba afundishwe mashine ya kukereza, amtengenezee binti yake kisanduku.

Mashine haikumheshimu. Kisanduku cha kwanza alikichimba bila kupima kina, patasi ikatokea chini. Cha pili alikianika juu ya mabati kikauke upesi, kikapasuka kwa mlio uliomgutusha mbuzi wa jirani. Sasa hiki cha tatu, kizuri kuliko vyote, chenye rangi ya chai ya maziwa, kilikuwa mikononi mwa Nzeyimana, naye alikuwa akikizungushazungusha kama mtu anayetafuta ugonjwa.

"Mzee Shafiq, hii mti waliangusha lini?"

"Baada ya Idi."

"Yewe! Basi iko mbichi. Ikikauka inajivuta upande mmoja kuliko mwingine. Angalia, hii si duara tena. Iko yai." Akakiweka mezani. "Wewe ukipata kitambaa ya pamba, iko unafanya nini kwanza?"

"Naloweka. Kisinyae kwanza, halafu mkasi."

"Na ukikata kwanza?"

"Nguo inamkataa mwenyewe."

Nzeyimana alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe unajua! Mganga hajigangi!"

Shafiq hakucheka. Aliona haya, na haya zenyewe hazikuwa za kisanduku peke yake. Nzeyimana akateremsha kutoka rafuni kisanduku chake mwenyewe, cha mti uliokauka sawasawa, mfuniko wake ukishuka kama pumzi. "Chukua hii. Nani atajua?" Shafiq alikishika, akakisifu kwa dhati, akakirudisha. Hakikuwa cha mparachichi ule. Akatia chake mfukoni mwa koti, akapanda pikipiki akarudi nyumbani.

Jumapili, baada ya adhuhuri, aliingia chumbani na mashahidi wawili. Umutoni alikuwa ameketi kitandani kati ya shangazi zake, hina ikiwa imemkolea mpaka vifundoni.

"Umutoni, umeridhia nikuozeshe Ismaël?"

Umutoni akainamisha kichwa. Mashahidi wakageuka kutoka, maana kwa mila ya nyumba ile kimya cha mwali kilikuwa jibu la kutosha. Kwa Shafiq hakikutosha. Kimya alikuwa amekila mwaka mzima na alikijua ladha yake.

"Ngojeni," aliwaambia. Akatoa kisanduku mfukoni, akamwekea binti yake mapajani. "Ni ule mparachichi wetu. Nimekereza mwenyewe. Mfuniko haukai, mama. Nilikata mti ukiwa bado mbichi. Na siku ile, mbele ya shangazi zako, nilikata hivyohivyo. Haraka. Nisamehe."

Shangazi mmoja akaanza kushughulika na mkunjo wa shuka usiokuwepo.

Umutoni alikitazama kisanduku, akakinusa, akabonyeza mfuniko. Ukagoma. Shafiq akanyoosha mkono akichukue, kwa aibu, kama alivyozoea kuiondoa nguo mbaya machoni pa watu. Umutoni akamkwepa. Akaanza kuuzungusha mfuniko kwa vidole vyenye hina, kidogo, akijaribu, kidogo tena. Mistari ya mti ya juu na ya chini ikasogeleana, ikakutana, na mfuniko ukashuka wenyewe.

"Iko na mahali pake," alisema. "Hapa tu, mahali pengine inakataa." Akaufungua, akampa baba yake. "Jaribu na wewe."

Vidole vya Shafiq, vilivyotunga uzi katika sindano miaka yote ile bila kukosea, vilikosea. Vikakosea tena. Mashahidi walikohoa mlangoni, na hakuna aliyewajali. Mwishowe mfuniko ukakaa, naye akaendelea kuushikilia ingawa haukuhitaji kushikiliwa.

"Baba," Umutoni akasema, "niulize tena."

Shafiq akamuuliza tena, polepole, na safari hii akangoja jibu.