Tokeni ya Mkate wa Dierkes

Merle Stuckey ana roho ngumu, na nimeshamwambia hivyo usoni. Babu wa babu yangu, Hermann Dierkes, alikuwa mwoka mikate hapahapa Cincinnati. Vita vya Marekani vya Kaskazini na Kusini vilipopamba moto, watu walificha sarafu, chenji ikaadimika, naye akatengenezesha tokeni zake za shaba zishike nafasi ya sarafu: upande mmoja jina lake, upande wa pili "Mkate mmoja". Nakusanya tokeni za vita vile tangu usichana wangu, na ya kwetu sina. Anayo Merle. Nimeitaka kwa pesa, nimeitaka kwa kubadilishana, nimebembeleza mpaka nikajichukia. Kila mkutano wa chama chetu cha wakusanyaji anaitoa, kaishika ukingoni isichafuke, anahubiri kwamba tokeni ni ahadi ya mwenye duka, kisha huyoo, anairudisha mfukoni.

Mwezi uliopita nikapandwa na hasira. Nikamwambia duka la Dierkes bado lipo, mwokaji ndiye mimi, na mkate wangu hataununua tena mpaka ile tokeni irudi kwetu. Akacheka. Kumbe mkewe, Arlene, tangu apasuliwe tumbo hakuna kinachompita kooni ila mkate wangu mweusi. Haki ya Mungu sikujua.

Jumanne Arlene akaingia dukani, polepole, akaiweka tokeni juu ya kaunta.

"Imeandikwa mkate mmoja," akasema. "Basi nipe, mwenzangu, njaa inaniuma."

"Merle anajua?"

"Merle anaoga."

Nikampa mkate wa moto, naye hakungoja kufungiwa. Akavuta kiti, akaanza kuumega.

Mara Merle huyo, nywele zinachuruzika maji, vifungo vya shati vimepishana. Akasema huo ni wizi. Nikamkumbusha mahubiri yake: mwenye duka akitimiza ahadi, tokeni ni yake. Akamgeukia mkewe amwambie arudishe mkate, akamkuta amefika nusu, mashavu yamejaa. Merle akanywea, akakaa karibu naye.

"Tangu Februari hajala hivi," akaniambia.

Nikaona haya. Nikaisukuma tokeni upande wake, nikamwambia aichukue, mkate ni bure, leo na kesho. Iliniuma, sitaki kudanganya, lakini nilimaanisha.

Akairudisha kwangu kwa ncha ya kidole.

"Ishike ukingoni, Lorene," akasema. "Vidole vyako vina siagi."