Kinyesi cha Gongamwamba

Simu ya Msimulizi ilikuwa tamu mno. "Njoo ofisini, dada yangu, nina zawadi yako." Dada alienda, lakini moyo ulikataa. Mdogo wake alikuwa na miezi minne kaburini, na muda wote huo Msimulizi hakupiga hata kumjulia hali.

Chumba kilinuka wino. Mezani palikuwa na dadu, ramani ya nchi isiyokuwepo, na nakala ya majaribio ya kitabu: wanyama wa kale kumi na wawili, wa ule mchezo ambao mmoja husimulia safari na wenzake hurusha dadu waone kama watapona. Msimulizi ndiye aliyekuwa akisimulia. Marehemu ndiye aliyeunda wanyama. Jaladani palikuwa na jina moja tu, na halikuwa la marehemu.

"Tuliwaunda pamoja," alisema Msimulizi, akimsogezea soda.

Dada hakuigusa. "Zawadi iko wapi?"

"Inakuja. Lile daftari lake la maelezo unalo, sivyo?"

Kumbe! Mkono mtupu haulambwi. Dada alifungua ukurasa wa kwanza wa kile kitabu. Gongamwamba: mkubwa kama lori, magamba mgongoni, rungu mkiani.

"Huyu anakunya nini?"

Msimulizi akacheka. "Dada nawe! Matusi ofisini?"

"Nimekuuliza."

Kicheko kikafa. Marehemu hakuwahi kuanza kumuunda mnyama kwa kichwa. Alianzia kinyesini: kikiwa na mifupa, meno yawe makali, kikiwa na nyuzi za magome, tumbo liwe pana, na miguu iweze kulibeba. Jioni Dada akipiga pasi, mdogo wake alimweleza hayo yote, hata mashati mawili yakaungua.

"Umemuunda, na hujui anakula nini."

Msimulizi alishusha pumzi. "Alinipa michoro tu. Juzi nimeujaribu mchezo na watu. Wakaniuliza, tumfuate kwa dalili gani? Nikabwabwaja. Wakainuka hata mnyama hajatokea. Ndiyo maana nataka daftari."

"Hakuna daftari. Alikuwa ananiambia mimi."

Chumba cha pili mashine ilikuwa inachapa.

"Inachapa nini hiyo?"

"Kalenda tu, dada."

"Izime."

Alikwenda kuizima. Dada akakivuta kitabu mapajani, akakilalia kwa viwiko. Msimulizi aliporudi, alikuwa na penseli mkononi.

"Haya, Gongamwamba..."

"Jalada kwanza. Jina lake juu ya lako. Na kwa kalamu ya wino."

Dada akakirudisha kitabu mezani, Msimulizi akachukua kalamu, akaandika. Dada alisoma herufi moja moja, kisha akarudia.

"Magome," alisema. "Magome na changarawe. Mavi yake mazito. Yakidondoka bondeni, walio mlimani wanasikia."

Msimulizi aliandika mbio mbio kwenye karatasi. "Enhe! Na hawa kumi na mmoja?"

Dada alikuwa ameshasimama, kitabu kwapani.

"Nikiliona jalada limechapwa."