Pua ya Mama Sue

Bi Wangu alikuwa amefanya kazi kwenye jukwaa la kupokelea maziwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pua yake imesema uongo. Kazi yake ilikuwa kunusa maziwa. Kila asubuhi, katika kituo cha kupozea maziwa upande wa Njoro, wakulima walileta mitungi yao kwa punda, kwa baiskeli na kwa mgongo. Wangu, ambaye wote walimwita Mama Sue, alisimama kwenye jukwaa la saruji na koti lake jeupe, akaamua ni mtungi upi uingie kwenye tangi na ni upi umwagwe. Laktomita ilikuwepo, ya kumkamata aliyeongeza maji. Lakini laktomita haijui maziwa yaliyolala, wala ya ng'ombe mwenye kiwele kigonjwa, wala yaliyokaa karibu na mafuta taa. Hayo yalikuwa ya pua.

Alikuwa na namna yake. Aliipa foleni mgongo, asione mtungi ni wa nani. Msaidizi aliusogeza mtungi karibu naye, akalegeza kifuniko chake, akasema, "Tayari." Mama Sue akainua kifuniko akakileta puani kabla ya kugusa kitu kingine. Harufu yote hujikusanya chini ya kifuniko. Ukipumua mara mbili tu nje yake, imeshapotea. Kuonja hakuonja kamwe. "Mdomo ukiingilia," alizoea kusema, "pua inaacha kazi."

Yote hayo alikuwa amemfundisha Mbugua, msaidizi wake. Mbugua alikuja kituoni miaka saba nyuma akiwa hajui maziwa ya jana na ya leo, naye Mama Sue alimwelekeza bila kumfokea hata siku moja. Mwezi wa sita Mama Sue angestaafu, na Mbugua ndiye angeshika jukwaa.

Huo ulikuwa mwezi wa nne, mwaka wa 2008. Moshi wa Januari, wa nyumba zilizochomwa katika vurugu za baada ya uchaguzi, ulikuwa umetulia, wakubwa Nairobi walikuwa wamekwisha kupeana mikono, na redio ilisema tumerudi kuwa majirani. Lakini foleni ilikuwa na mapengo. Wengine walikuwa bado wanalala kwenye mahema Nakuru. Wengine hawangerudi tena. Kutoka ng'ambo ya mto, kwa watu wa kabila lile lingine, alikuja mtu mmoja tu, Cheptanui, mama wa Chemutai, mwanachama namba sabini na tatu. Ghala lake la mahindi lilikuwa limechomwa, na wa kumlisha yeye na watoto walikuwa ng'ombe wawili. Alisimama mwisho wa foleni peke yake, na kati yake na mtu wa mbele yake kulikuwa na nafasi ya kupita punda.

Jumatatu, Mama Sue aliinua kifuniko akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Ilikuwa harufu ya maziwa ya siku tatu, ya tambara la vyombo lililosahauliwa maji.

"Mwaga," alisema.

Alipogeuka ndipo akaona namba sabini na tatu. Cheptanui alingoja mtungi wake umwagwe. Alibeba mtungi mtupu akaenda zake.

Jumatano harufu ilikuwa ile ile. "Mwaga," alisema tena, na alipogeuka akaona ni sabini na tatu tena, roho ikamsinyaa, kwa sababu sheria ya kituo ilijulikana na wote: mtungi ukimwagwa mara tatu katika mwezi mmoja, namba inafutwa, na mwenyewe atafute pa kupeleka maziwa yake. Cheptanui hakuwa na pengine pa kupeleka.

Mbugua aliuinamisha mtungi kwa nguvu, maziwa yakaruka, yakalowesha mkono wa koti la Mama Sue. Mengine yakaingia mferejini. Safari hii Cheptanui hakuondoka. Alipiga goti chini, akachota maziwa kwa kiganja mle mle mferejini, akanywa mbele ya watu wote.

"Mama Sue," alisema, maziwa yakimtiririka kidevuni. "Onja."

"Mimi sionji, mama Chemutai. Unajua."

"Najua. Onja hata hivyo."

Mtu alicheka kwenye foleni, akimwita mama kwa lugha ya mitaani. "Mathe, usionje, utaota pembe!" Wakacheka wengi. Mama Sue akatazama chini, akasema mtungi mwingine uletwe.

Jioni hiyo, nyumbani, alivua koti ili alifue. Lilikuwa limeshinda juani mwilini mwake, na mkono ule ulikuwa umekauka ukawa mgumu. Akaunusa bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna. Ulinuka siagi. Akaunusa tena. Maziwa yaliyokuwa yameoza asubuhi, baada ya jua la kutwa nzima, yangenuka kama mzoga. Haya yalikuwa yamekauka vizuri, kama maziwa yoyote mazuri yanavyokauka. Akakaa kitako na koti mapajani, maji ya kufulia yakapoa.

Kama maziwa yalikuwa mazuri, basi kilichonuka ni kifuniko. Alhamisi alifika kituoni kabla ya wengine, akafungua stoo ya vyombo vya kuoshea. Hakutafuta sana. Pua ilimpeleka nyuma ya gunia la magadi, na hapo palikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na kifuniko cha mtungi, cha aluminiamu, kama vifuniko vyote vya kituo. Upande wa ndani kilikuwa na ukoko wa njano, mnene kama malai ya juu ya maziwa, na katika ukoko huo funza weupe walikuwa wakijinyonganyonga.

Mama Sue alitoka nje akatapika ukutani. Miaka ishirini na sita, na hakuwahi kutapika kwa sababu ya maziwa.

Mbugua alimkuta akijifuta mdomo, mfuko ukiwa miguuni pake.

"Hiki ulikitoa wapi?"

"Mathe, wacha tu hiyo maneno."

"Sijakuuliza niache. Nimekuuliza ulikitoa wapi."

Mbugua akatikisa mabega. "Ni cha mtungi wa zamani. Nakiongezea maziwa kidogo jioni. Akileta wake, nabadilisha kabla uinue." Halafu akatabasamu kidogo. "Si ni wewe ulinifunza harufu inakaa kwa kifuniko?"

"Mama Chemutai amekukosea nini?"

"Nyumba ya brother yangu huko Molo ilichomwa na kila kitu. Nani alimuuliza yeye amekosea nini?"

"Ilichomwa na mama Chemutai?"

"Watu wake."

"Mbugua. Mwaka juzi ulipokuwa na homa ukaanguka hapa jukwaani, ni nani alikuletea uji siku nne, akitembea na kibuyu kutoka ng'ambo ya mto?"

Mbugua akatazama kando. "Hiyo ilikuwa zamani," alisema, akaingia kuwasha mashine.

Mama Sue alijua uchungu wa nyumba iliyochomwa. Dada yake mwenyewe alikuwa kwenye hema Nakuru na sufuria mbili. Uchungu aliuelewa. Kilichomtia kinyaa ni ule utulivu, mtu kuamka asubuhi, kukilisha kifuniko maziwa kama anayelisha ndama, na kukileta kwenye pua ya mtu aliyemlea kikazi. Na kinyaa kingine alikuwa nacho mwilini mwake. Mkono uliomwaga ulikuwa wa Mbugua, lakini neno "mwaga" lilitoka kinywani mwake yeye.

Alimpelekea meneja ule mfuko. Bwana Mathenge alifungua dirisha kwanza, kisha akamwambia aketi. Alikuwa mtu wa sauti ya upole.

"Mama Sue, hii mambo tuiache ilale. Mbugua nitaongea na yeye. Lakini wewe ukienda kusema pua yako ilidanganywa, nani ataamini kituo tena? Wanunuzi wa Nakuru wakisikia? Juni tunakufanyia sherehe, keki, zawadi, kila kitu. Usijipake matope saa hii."

"Na sabini na tatu?"

"Kesho akileta, tutaona."

Mama Sue alimtazama. Miaka mingi alikuwa akidhani upole ule ni wema. "Mimi nimeshaona," alisema, akauchukua mfuko akatoka nao.

Ijumaa alipanda jukwaani, na kwa mara ya kwanza akaigeukia foleni. Alikiinua kile kifuniko juu, kwenye mfuko wake.

"Jumatatu na Jumatano nilimwaga maziwa mazuri," alisema. "Yalikuwa ya mama Chemutai. Kifuniko kilibadilishwa, na mimi sikujua. Lakini kazi yangu ni kujua. Nilikosea mimi."

Alitegemea watamwuliza ni nani aliyekibadilisha. Alikuwa tayari kulitaja jina. Hakuna aliyeuliza. Watu walikitazama kifuniko, wakamtazama Mbugua, wakamwondolea Mbugua macho upesi upesi kana kwamba wamemkuta akioga.

"Na umelipwa nini na hao wa ng'ambo?" mwanamke mmoja alipaza sauti. Alikuwa Nyakio, ambaye Mama Sue alimsimamia arusi.

"Kumbe hata yangu ulimwaga bure mwaka ule!" mzee mmoja akadakia.

"Na yangu!"

"Hii pua imezeeka, mathe, ipeleke nyumbani!"

Alishangaa jinsi miaka ishirini na sita inavyoyeyuka haraka, upesi kuliko barafu ya kwenye tangi. Alifungua kitabu cha jukwaa, akatafuta Jumatatu na Jumatano, akaandika kwa mwandiko wake: Maziwa yalikuwa mazuri. Mpimaji alikosea. Akatia sahihi mara mbili. Kisha akaufungua mtungi wa Cheptanui, akachovya kikombe, akanywa mbele yao mpaka tone la mwisho, akaumimina mwenyewe ndani ya tangi.

Mbugua hakufukuzwa. Alisema ulikuwa mzaha tu, na meneja akasema vijana wana mizaha. Maziwa hayangojei, kwa hiyo siku hiyo hiyo alipewa jukwaa na koti jipya. Mama Sue alipelekwa kuosha mitungi mpaka Juni. Sherehe haikutajwa tena. Ila tangu asubuhi ile kila mkulima alifungua mtungi wake kwa mkono wake mwenyewe, macho ya foleni nzima yakiwa juu yake, na Mbugua hakuweza kubadilisha chochote, hata cha adui yake.

Kuosha mitungi ni kazi ya maji ya moto na magadi, na siku ya pili tu mikono yake ilichubuka. Waliokuwa wakimwamkia walipita wakiangalia simu zao. Owuor, dereva wa lori la tangi, ndiye aliyemletea gamboti zake za akiba, viatu vya mpira vikubwa kama vya polisi, akaziweka karibu naye akarudi kwenye lori.

Cheptanui alikuja wiki iliyofuata, akitoka kupima, akasimama mlangoni na mtungi mtupu.

"Kufidia yaliyomwagwa niliuza hata ya nyumbani, watoto wakanywa chai ya rangi siku nne," alisema. "Bado nina hasira na wewe, Mama Sue."

"Kasirika, mama Chemutai. Una haki."

"Ningekuwa nimefutwa."

"Ungekuwa umefutwa."

Cheptanui alimtazama ile mikono. Akafikiri kidogo, kisha akausukuma mtungi mbele.

"Basi nioshee vizuri," alisema. "Mpaka kule chini kabisa."

Mama Sue akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono mtungini mpaka kwapani.