Mkono wa Shangazi Ukumbini

Ijumaa asubuhi, saa mbili na nusu, Lesieli alipanda ngazi ndani ya ukumbi wa michezo wa mji na kupima ukuta kwa kamba. Hatua arobaini na mbili kwa thelathini. Ukumbi ule ulijengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, na harusi ya watu mia mbili ikiwekwa humo hupwaya kama mtoto aliyevaa koti la babake. Lakini ndio ukumbi pekee katika mji ule wa mizabibu kando ya Mto Murray, Australia, na Watonga wa pale, watu wa visiwa vya Tonga, wamekuwa wakioana humo humo kwa miaka ishirini.

Siku za wiki Lesieli alichuma zabibu. Mwisho wa wiki alipamba harusi, na sifa yake ilikuwa moja: akishapamba yeye, ukumbi unakuwa mdogo. Wala hakuficha anavyofanya. Maua ya mezani aliyaweka chini ya usawa wa kidevu, ili watu waonane. Ya juu aliyaning'iniza chini kabisa, mtu mrefu apite ameinama. Pembe zote nne alizifunga kwa majani. Kila pazia la maua lilipokamilika, ukuta ulisogea ndani hatua mbili tatu, ukakaa hapo ukisubiri pazia jingine. Neville, mzee mwenye funguo, alishazoea. Alichotaka ni kuta zirudi mahali pake kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu kuna voliboli ya akina mama.

Safari hii aliyekuwa anaolewa ni binti yake mwenyewe, Melenaite. Na aliyekosekana ni shangazi, Ungatea.

Kwa Watonga shangazi, yaani dada wa baba, ndiye mkubwa wa harusi. Mikeka mizuri ni yake, keki haikatwi mpaka yeye aguse kisu, na mama wa bibi harusi mbele yake ni mtu wa kupepea nzi. Tena huyu Ungatea hakuwa shangazi wa cheo tu. Mume wa Lesieli alipofariki, Lesieli alikuja huku kuchuma zabibu kwa vibali vya miezi saba saba, na Ungatea akabaki kisiwani na mtoto, tangu meno ya utoto mpaka miaka kumi na tatu, alipomfuata mama yake. Lesieli alituma ada ya shule. Kumsuka, kumuuguza surua, kumfundisha kutunga maua, yote alifanya wifi.

Ofisi ya viza ilijibu ombi la Ungatea kwa aya mbili. Shangazi si miongoni mwa jamaa wa karibu wanaotambuliwa na fomu. Isitoshe, mwombaji hakuonyesha sababu za kutosha za kurudi kwao. Ungatea alikuwa na miaka sabini na moja, nguruwe kumi na mmoja, na kaburi la kaka yake alilolifagia kila Jumamosi.

"Basi tumweke kwenye simu, mama," alisema Melenaite. "Tutafute kioo kikubwa, tukisimamishe pale mbele."

"Nilimwambia. Kasema yeye hakai kwenye kioo kama samaki wa kopo."

Melenaite akacheka, kisha akalia, kisha akaendelea kutunga asumini kwenye uzi.

Saa saba mchana ukumbi ulishapungua ukawa kiasi cha wageni, lakini Lesieli hakushuka. Maua yote yenye harufu aliyapeleka ukuta wa kaskazini-mashariki, kwa kuwa Tonga iko upande huo. Rafiki yake Vika alikuwa amemshikia ngazi.

"Dada, ukizidisha hapo kesho tutakula tumepakatana."

"Shika ngazi wewe."

Likaja pazia la tano, na la tisa. Ilipofika saa kumi, nyuma ya asumini kukasikika jogoo, pakanuka moshi wa vifuu vya nazi. Halafu ikaja sauti.

"Wifi, upande wangu huku maua yako yamekaa hovyo. Uzi unaonekana."

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Uzi unaonekana, nasema."

"Nitaufunika. Hebu leta mkono."

Mkono ukatokeza katikati ya maua, wenye madoadoa ya uzee na pete ya gamba la kasa. Ulikuja mpaka kwenye kiwiko, ukakwama. Wakajaribu bega, likagoma. Wakajaribu mguu. Vika alivuta mpaka Ungatea akamwambia yeye si gunia la magimbi. Kupita kiwiko, maua yalikuwa magumu kama kioo cha dirisha la ofisi. Melenaite naye akajaribu kupenya kwenda kule, na mkono wake ukaishia papo hapo kwenye kiwiko. Neville alikuja akatazama, akasema mkono hauhitaji kiti. Ila aliweka kimoja, kwa heshima.

Jumamosi harusi ilikwenda kama inavyotakiwa. Mikeka ilitandikwa chini ya mkono. Mchungaji aliusalimia kwanza kabla ya wazee wengine. Mkono ukashika kisu, keki ikakatwa, na watu mia mbili walikaa karibu kiasi kwamba mtu akicheka pembe hii, wa pembe ile alijua anacheka nini.

"Nileteeni mtoto," akasema Ungatea.

Melenaite akapiga magoti. Vidole vikampapasa paji la uso, nyusi, na lile kovu la kidevuni la siku alipoanguka kutoka kwenye mpapai.

"Umekonda. Huyo mama yako hakulishi?"

"Ananilisha, shangazi."

"Mh."

Lesieli alikuwa amesimama kando na upepeo wake. Aliona wivu, na alishukuru, na hakujua kati ya hayo mawili ni lipi linalomliza. Akaupepea mkono ule nzi, kama ilivyo kazi yake. Miaka yote hakuwahi kuipenda kazi hiyo ila siku ile.

Jumapili baada ya ibada maua yalianza kusinyaa. Lesieli akayakata pazia moja moja, na kwa kila pazia ukuta ukarudi nyuma, na mkono nao ukarudi. Kiwiko kikatoweka, kisha kifundo cha mkono. Melenaite alibaki ameshika vidole viwili, akabaki na kimoja.

"Wifi," sauti ilisema, sasa imeanza kuwa ya mbali, "ulimzaa vizuri."

"Ulimlea vizuri, wifi."

"Hilo nalijua."

Jumatatu akina mama walicheza voliboli.

Lesieli alimwombea Ungatea viza upya, na kwa kuwa ni mtu mkweli aliandika yote: kwamba wifi yake aliingia Ijumaa mpaka kwenye kiwiko, na Jumapili akarudi kwao mwenyewe bila kufukuzwa na mtu. Neville alitia sahihi ya shahidi. Ofisi ilijibu ndani ya wiki mbili. Ilimshukuru kwa ukweli wake. Kwa kuwa mkono wa mwombaji uliingia nchini bila kibali, ombi limekataliwa, na mwombaji asiombe tena kwa miaka mitatu.

Ungatea hakuimaliza hiyo miaka. Alifariki Agosti ya mwaka uliofuata, wakati wa baridi, mjini hakuna ua lolote ila kwenye mashamba ya lozi. Melenaite alikuwa na mimba ya miezi minane, hakuna ndege ambayo ingempandisha. Karatasi za ukaazi za Lesieli zilikuwa mezani kwa mtu zikisubiri muhuri; akitoka nchini kabla ya hapo, haruhusiwi kurudi. Akamwomba Neville ukumbi.

Maua ya lozi hayana harufu kubwa, kwa hiyo ukuta ulikuja polepole, na Vika alishika ngazi kutwa nzima. Saa kumi nyuma ya matawi wakasikia tenzi za kanisani. Melenaite akapitisha mkono, akapapasa mpaka akalipata paji la uso, limepoa, limepakwa mafuta ya nazi. Akauacha mkono pale, akalia kwa sauti.

Lesieli akapitisha wa kwake pia, ameshika upepeo. Maua yalikuwa magumu palepale, kupita kiwiko, hivyo alimpepea wifi yake nzi kwa kifundo tu, taratibu, mpaka Neville alipokuja, amevua kofia, kuuliza kama kuta zitarudi kabla ya Jumatatu.