Barua Mia Mbili na Kumi na Nne

"Nimekuja kuanza," alisema mwanamke aliyesimama dirishani, akasukuma barua chini ya kioo. Pembeni yake palikuwa na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba.

Chapchap aliipokea huku akitabasamu. Pale chuo cha uuguzi jina lake halisi lilikuwa limeshasahaulika tangu wiki iliyopita, alipozitoa barua zote za majibu ya usaili kwa dakika kumi na moja na ofisi nzima ikampigia makofi. Alilitafuta jina la mwanamke kwenye daftari la usaili. Hakuchaguliwa. Akalitafuta tena, kidole kikishuka polepole. Hakuchaguliwa.

Alijua palepale kosa lilikotoka.

Makro aliyoitunga, ile programu ndogo ya kuchapa barua, haikuwa na kosa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ilifanya kama ilivyoagizwa: chukua jina safu ya kwanza ya jedwali, chukua jibu safu ya nne, pachika kwenye barua, chapa, nenda mstari unaofuata. Ila kabla ya kuiwasha alitaka majina yapendeze, yakae kwa alfabeti. Kompyuta ikamuuliza: nipange safu hii peke yake, au na zile nyingine? Naye kwa pupa yake akalifukuza swali kama nzi. Majina yakahama, majibu yakabaki yalipokuwa. Watu wakapewa majibu ya wenzao.

Na si kwamba hakuna aliyemshtua! Bi Rula, mchapaji wa miaka yote, aliomba azisome kwanza, moja moja, rula juu ya faili kama kawaida yake.

"Niachie mpaka kesho, mwanangu."

"Shangazi, hii mashine haisinzii," Chapchap alimjibu, na watu wakacheka. Bi Rula naye akacheka kidogo, akagonga mihuri.

Sasa Mkuu wa chuo alitoka ofisini kwake, akaisoma barua, akalitazama daftari. "Nani kapitisha hii?"

"Mhuri ni wangu," alisema Bi Rula.

"Mama, si nilikwambia ukapumzike? Macho yamechoka haya."

Chapchap alinyamaza. Mtu mzima, meno thelathini na mawili kinywani, akanyamaza! Alimwona Bi Rula akivua miwani na kuipangusa kwa pindo la gauni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kwa hiyo sikupata?" mwanamke aliuliza. "Nimeshaacha kazi ya kufua, jamani. Na mama yangu kazunguka na hiyo barua nyumba kwa nyumba. Kusoma hajui, anawaonyesha tu."

Hapo ndipo ulimi ulipomfunguka.

"Ni mimi, Mkuu. Bi Rula alitaka kuzisoma, nikamkatalia. Na si hiyo tu. Zote mia mbili na kumi na nne, hakuna hata moja ya kuaminika."

Mkuu alimkodolea macho, kisha akarudi ndani na kufunga mlango. Bi Rula hakumtazama. Alivuta rundo la faili, akafungua la juu.

Chapchap akazunguka hadi nje, kwenye benchi alipokuwa amekaa yule mwanamke. Kila samahani iliyomjia aliiona ndogo.

"Nitakutolea barua nyingine, dada. Ya masahihisho."

"Ile ya 'tunasikitika kukuarifu'?"

"Ndiyo."

"Hiyo sitaki. Mama atadhani nimefanya jambo baya, nimefukuzwa. Mwandikie wewe mwenyewe. Sema ulikosea wewe, mimi sikumdanganya."

"Si umesema hasomi?"

"Jirani atamsomea. Atajua tu kama ni mtu anaongea naye."

Akaketi kando yake, karatasi juu ya goti. *Shikamoo, mama*, aliandika. Mkono ukagoma hapo. Upepo ukawa unainua pembe ya karatasi, na mwanamke akaweka kiganja chake akaishikilia, akingoja.