Koti Lililofundisha Hesabu Kirnzell

Darasa la saba B la shule ya kati ya Kirnzell halikuwa na mwalimu wa hesabu. Hali hiyo ilidumu miaka mitatu, mpaka darasa lilipomaliza la tisa.

Shule ya kati ni ya watoto walioambiwa, wakiwa na miaka kumi, kwamba vichwa vyao si vya kusoma sana. Walioambiwa vingine walivuka daraja kwenda shule kubwa ng'ambo ya mto. Walburga Stadler, ambaye kila mtu alimwita Burgi, hakuvuka. Alibaki na wenzake ishirini na brezeli, mikate ya kusokotwa yenye chumvi, za mtunza jengo wakati wa mapumziko, na hakuona ubaya wowote.

Bwana Riedl aliyekuwa akiwafundisha hesabu alihamishiwa ng'ambo ya mto Ijumaa moja ya Septemba, kwa sababu huko walipungukiwa. Siku hiyo kulikuwa na joto. Akasahau koti lake kwenye ndoano karibu na mlango. Lilikuwa koti la sufu ya kijani, lenye vifungo vya pembe ya kulungu na harufu ya mbwa aliyelowa.

Jumatatu, kipindi cha pili, koti lilishuka kwenye ndoano, likaenda mbele, likashika chaki kwa mkono wa kulia na kuandika hesabu ya sehemu.

"Afadhali," alisema Toni Weigl kutoka nyuma. "Nilidhani watatuletea tena yule wa dini."

"Nyamaza, we," alisema Burgi. "Linaandika."

Koti halikuwa na kichwa wala miguu, lakini lilifundisha vizuri. Likikasirika lilisimamisha kola. Likifurahi lilitia mkono mfukoni na kumrushia aliyepata jibu peremende ya asali, na mfuko ule haukuisha. Halikupiga kelele kwa kuwa halikuwa na pa kutolea. Toni alisema ni mwalimu wa kwanza ambaye hajamuuliza kama ni mdogo wake Ferdl, yule aliyevunja madirisha.

Kila asubuhi karani wa shule, Bi Pointner, alibandika kwenye kioo cha mlangoni karatasi ya zamu, inayoonyesha nani hayupo na nani anashika kipindi chake. Bi Pointner hakuvumilia nafasi tupu kwenye karatasi hiyo. Ilimuuma kama jino. Kwa hiyo aliandika: 7B, hesabu, Koti. Nakala ilikwenda ofisi ya elimu kama kila wiki. Ofisi ikasoma kwamba kipindi kina mtu, na kuanzia hapo Kirnzell haikuwa na upungufu wa walimu.

Mkuu wa shule, Bwana Hirmer, aliandika barua kuomba mwalimu. Alijibiwa kwamba nafasi imejazwa. Aliandika barua kumi na moja, akajibiwa hivyo mara kumi na moja. Mwaka wa pili akaja mkaguzi. Alikaa nyuma na faili lake, akajibu swali moja, akapata peremende. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba mwalimu wa hesabu hajaugua hata siku moja, jambo ambalo halijaonekana katika wilaya nzima.

"Lakini ni koti," Bwana Hirmer alimwambia mlangoni.

"Naliona," alisema mkaguzi. "Na ni zuri. Sufu kama ile siku hizi hupati."

Mwaka huohuo fundi Aschenbrenner alikuja kutengeneza kinanda cha mabomba cha kanisani, na Burgi akamshikia tochi. Aliona kwamba bomba lenye nusu ya urefu linatoa noti ileile, ila juu. Kesho yake aliliuliza koti kwa nini. Koti lilijaza ubao mzima, likaugeuza, likajaza na upande wa nyuma. Tangu siku hiyo wenzake walipopandisha viti juu ya meza na kwenda nyumbani, Burgi alibaki na koti wakipiga hesabu za mabomba. Mama yake alimwekea chakula kwenye jiko, akazoea.

Alitaka kuwa fundi wa vinanda. Hakutaka kitu kingine.

"Nafasi yako ipo, binti," alimwambia Aschenbrenner. "Niletee tu cheti chenye alama ya hesabu. Bila hiyo chama cha mafundi hakinikubalii mwanagenzi, hata awe malaika."

Mtihani wa darasa la tisa ulifika. Koti lilisahihisha karatasi zote kwa jioni mbili. Burgi alipata moja, ambayo kwa watu wale ndiyo alama ya juu kabisa. Ikabaki sahihi ya mwalimu wa somo. Koti lilishika kalamu. Ndani ya kola yake kulikuwa na kitambaa kilichoshonwa jina M. Riedl, na jina hilo halikuwa lake. Likaiweka kalamu chini. Halikuwa koti la kughushi sahihi.

"Gonga hata kifungo," alisema Bi Pointner, akalisogezea wino.

Koti liligonga kifungo. Ofisi ya elimu ilirudisha karatasi: kifungo si sahihi ya mtu.

Burgi akavuka daraja. Alimkuta Bwana Riedl ukumbini, amevaa kijikoti chepesi, anapiga chafya.

"Mwalimu, naomba sahihi."

"Burgi! Umekuwa mrefu kama mlingoti. Siwezi, mwanangu. Sijakufundisha miaka mitatu. Aliyekufundisha ni lile."

"Si ungekuja kulichukua? Wangeona hatuna mtu."

"Nilikuja mara mbili. Lilikuwa na kipindi."

"Na ukaondoka?"

"Nilichungulia dirishani. Lilikuwa linafundisha milinganyo vizuri kuliko mimi. Ningeingiaje?"

Burgi alicheka, ingawa hakutaka. Bwana Riedl alimkatia nusu ya brezeli yake, wakala wamesimama, kisha akarudi darasani kwake na Burgi akarudi kwao.

Vyeti vilitolewa Julai, kwa bendi ya zimamoto na soseji. Penye hesabu palikuwa na kistari. Koti lilicheza muziki na Bi Pointner mara tatu, na watu wakasema linajua kuongoza. Septemba lilichukua saba B mpya. Bado linafundisha. Wazazi wamelibadilishia bitana mara mbili, na ofisini Kirnzell bado haina upungufu.

Burgi ana miaka arobaini na minne sasa. Akiulizwa shule ilikuwaje, anasema ilikuwa nzuri, na hesabu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Mwaka ule vyeti vilivyotoka na kistari vilikuwa ishirini na kimoja. Toni alitaka kuwa fundi umeme, anaendesha lori la maziwa. Tisa walirudia mtihani kwenye masomo ya jioni mjini, wanne wakamaliza. Burgi alikuwa mmoja wa hao wanne, na mchana alipanga mayai kwenye trei. Alitoka shuleni akiwa na miaka kumi na mitano. Aliposajiliwa kwa Aschenbrenner alikuwa na ishirini na miwili, na mzee alikuwa na themanini. Uanagenzi wa vinanda ni miaka mitatu na nusu. Mzee aliishi miwili tu.