Soli ya Kulia

Daktari wa mifupa aliinua picha ya eksirei mbele ya dirisha, akamwonyesha Mama Vifungo nyonga yake ya kulia. Pale palipotakiwa kuwa na nafasi, mfupa ulikuwa umelalia mfupa.

"Gegedu, ile kinga laini kati ya mifupa, imeisha yote, mama. Vidonge vinakutuliza tu. Dawa yake ni upasuaji, tukuwekee nyonga mpya."

"Lini?"

"Hilo utaniambia wewe. Wengine wanakuja wakikosa usingizi, wengine wakishindwa kuvaa soksi." Akamtazama miguuni. "Na huu mguu umeshakuwa mfupi. Tukimaliza, miguu italingana. Hicho kiatu cha kupandishwa utakitupa."

Alilisema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Mama Vifungo akairudisha picha kwenye bahasha, akasema atafikiria. Mvua zilikuwa hazijaanza wakati huo. Sasa zimekatika, na bado alikuwa anafikiria.

Hilo jina la Vifungo alibandikwa na watoto wa shule, maana sare zao alizishona yeye. Mumewe alikuwa fundi viatu. Chumba cha mbele waligawana: cherehani upande wa dirisha, kigoda cha mume upande wa mlango. Wakifanya kazi, nyundo ikigonga na cherehani ikiimba, hakuna aliyehitaji redio.

Mume ndiye aliyeuona ule mguu kabla ya daktari yeyote. Hakusema kitu. Mke alipokuwa bafuni, alikichukua kiatu cha kulia, akabandika kipande chembamba cha ngozi chini ya soli, akapaka rangi ubavuni ili kisionekane. Siku hiyo mke alikwenda sokoni akarudi bila kushika kiuno. Naye hakusema kitu. Ikawa siri ambayo hata wenyewe hawakuambiana. Mguu ukipungua, soli inapanda, na mtaa mzima ukamwona anatembea wima kama kawaida.

Tangu wamzike mumewe, soli haikupanda tena, lakini mguu haukungoja. Pedali ya cherehani aliikanyaga kwa mguu wa kushoto. Maji alibeba nusu ndoo. Kitandani aligeuka kwa kujivuta kwenye ukingo wa godoro, upande ambao zamani kulikuwa na mtu wa kumsukuma kidogo.

Binti yake, anayeishi mbali, alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, unangoja nini? Nitachukua likizo nije kukuuguza."

"Nangoja kazi ipungue."

"Kazi gani? Si uliniambia shule zote siku hizi zinanunua sare kiwandani?"

"Mtandao unakatika, mwanangu."

Angemwambiaje mtu mzima mwenye akili zake kwamba anangoja kwa sababu ya kiatu? Kwamba siku miguu ikilingana, kazi ya mwisho ya yule mzee itakuwa haina mguu wa kuivaa?

Halafu soli ya kulia ikaachia pembeni. Akavipeleka viatu vyote viwili kwa fundi wa kona, rafiki wa marehemu.

"Shemeji! Leo umenikumbuka! Mwenyewe angenikuta nimeshika kiatu chako angenifukuza na nyundo."

"Kimeachia hapo pembeni tu," alisema, akaona haya kueleza zaidi. Akarudi nyumbani na kandambili kwa kupitia uchochoroni, mkono ukutani.

Jioni alimkuta fundi anatabasamu, viatu vimepangwa juu ya benchi.

"Nimekufanyia zaidi ya ulichosema, na hulipi kitu. Rafiki yangu macho yalimponza mwishoni, Mungu amrehemu. Soli moja nene kama mkate! Nimeikata, nimezilinganisha. Tazama kazi hiyo!"

Mama Vifungo akavivaa. Alipokanyaga, sakafu ikamkimbia. Akadaka mwimo wa mlango.

"Shemeji! Vipi?"

"Hakukosea," alisema taratibu. "Mguu wangu ndio mfupi."

Fundi akashika kichwa. "Na mimi nashinda naye hapa, tunacheka, tunatukanana! Msiri mkubwa yule! Kaa, kaa hapo, naipandisha sasa hivi."

"Kipande ulichokata kiko wapi?"

Fundi akapekua debe la mabaki, akampa. Mama Vifungo akakigeuza kwenye mwanga. Ubavuni, chini ya rangi iliyobanduka, tabaka za ngozi zilionekana zimelaliana: nyeusi, kahawia, nyekundu ya begi la shule la binti yao, tena nyeusi. Hakujua kwamba zilikuwa nyingi hivyo. Kumbe kila mguu ulipomuuma, yule mzee alikuwa ameona, na hata mara moja hakungoja aombwe.

"Nipe basi nikigandishe," fundi alisema.

"Viache hivyo hivyo."

"Utatembeaje?"

"Nitachechemea. Nikishapona nitavihitaji vikiwa sawa."

Akakitia kipande mfukoni, akashika barabara kubwa. Muuza mkaa aliacha kupima, akamtazama. Mtu akamwita, "Mama Vifungo, umeumia?" Akajibu, "Zamani!" akaendelea.

Nyumbani alikaa mbele ya cherehani, akapiga simu. Haikuwa Jumapili.

"Mama? Kuna nini?"

"Omba hiyo likizo. Nitamwambia daktari anipe tarehe ya karibu."

Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Umeshindwa kulala?"

"Nalala. Njoo tu."

Simu ilipokatika, chumba kikarudi kuwa kikubwa. Alivua viatu, akavipanga juu ya kigoda karibu na mlango. Soli zililingana. Akakaa akivitazama mpaka giza likavifunika, kidole gumba kikipapasa ile ngozi mfukoni, tabaka baada ya tabaka.